UCHANGANUZI: Masteringi ya programu au ya mashine? Soma hapa kabla ya kutoa pesa

Msanii chipukizi akimaliza wimbo wake siku hizi, hukutana na watu wawili wanaotaka pesa zake. Wa kwanza ana studio yenye mashine nzito za chuma, vitufe vya kuzungusha na mshale unaocheza kwenye kioo, na anaapa kwamba wimbo usiopita kwenye analogi "hauna roho". Wa pili ana laptopu na vipokea sauti tu, anaitisha nusu ya bei, na anasema mambo ya mashine ni ya babu zetu. Pembeni kuna tovuti ya akili unde inayokuambia huwahitaji wote wawili. Pakia wimbo, subiri dakika chache, lipa, enda.

Nani anasema ukweli? Kwa msanii aliye na elfu kumi mfukoni, au prodyuza wa Umoja anayelipa kodi ya nyumba kwa kuuza biti, swali hili linaamua pesa za miezi kadhaa zitaenda wapi. Tulipime bila ushabiki.

Kazi iliyozaliwa kwenye santuri

Kwanza tuelewane kuhusu masteringi yenyewe, maana wengi huichanganya na miksi. Kwenye miksi, sauti ya mwimbaji, ngoma, besi na vinanda husawazishwa hadi viwe faili moja. Masteringi huanzia hapo. Fundi huichukua faili hiyo nzima, hurekebisha uwiano wa sauti nzito na nyembamba, hudhibiti vilele, hupandisha kiwango na kuhakikisha nyimbo za albamu moja hazirukiani, moja ikinong'ona na inayofuata ikipiga kelele. Kisha hutoa nakala ya mwisho ya kusambazwa.

Kazi hii ilianza kwa sababu ya santuri. Fundi alichonga wimbo kwenye sahani kwa mashine, na mashine hiyo ilikuwa na masharti. Besi ikizidi au ikiegemea upande mmoja, sindano iliruka. Upande mmoja wa albamu ukipita dakika 20 na kitu, ilibidi sauti ishushwe ili mifereji itoshee. Ndiyo maana vifaa vya kudhibiti sauti vikawa muhimu. Ikwalaiza ya Pultec EQP-1 ilitoka 1951. Kompresa ya Fairchild 670, ambayo mapropdyuza wengi wanaijua kama picha kwenye skrini, ilikuja mwishoni mwa miaka hiyo ya hamsini. Ilikuwa na valvu 20, zile taa za kioo kama za redio za zamani, na uzito wa kilo 30 hivi. Hilo ni kama theluthi moja ya gunia la mahindi.

Kenya haikuwa mtazamaji kwenye enzi hiyo. Miaka ya 1970, Nairobi ilikuwa kitovu cha muziki wa santuri Afrika Mashariki, na River Road ndiyo iliyokuwa soko lake. Bendi zilitoka Tanzania na Kongo kuja kurekodi hapa. Gitaa la besi la Les Wanyika au Super Mazembe unalosikia nyumbani kwa mzee lilipita kwenye mikono ya fundi aliyehofia sindano isiruke.

Leo wimbo wako hautachongwa popote. Utaenda Spotify, YouTube, Boomplay na kwenye WhatsApp ya marafiki. Masharti ya sindano hayapo, lakini vifaa vilivyotengenezwa kuyatimiza bado vinauzwa kwa bei ya gari.

Mashine inaongeza nini hasa?

Wapenzi wa analogi hawajatunga kila kitu. Umeme wa wimbo ukipita kwenye valvu na transfoma, hautoki vile ulivyoingia. Vifaa hivyo huongeza chembechembe za sauti zilizo mara mbili au mara tatu ya masafa ya sauti asilia, na masikio yetu huzipokea kama joto au unene. Vilele vikali hulainishwa kidogo. Chaneli ya kushoto na ya kulia hazilingani kabisa, na tofauti hiyo ndogo huufanya muziki uonekane mpana.

Ajabu ni kwamba kwa lugha ya kihandisi, hayo yote ni makosa. Ni upotoshaji. Umetokea tu kwamba tunaupenda.

Programu za zamani zilishindwa kuiga jambo hilo. Upotoshaji ukitengenezwa kwa hesabu ndani ya kompyuta bila uangalifu, huzaa masafa yasiyohusiana na muziki, na matokeo huwa ukali unaochosha sikio. Hapo ndipo sifa mbaya ya "sauti ya plastiki" ilitoka. Lakini programu nzuri za leo hufanya hesabu hiyo kwa kasi kubwa kuliko ya faili yenyewe, kisha huondoa takataka kabla ya kuirudisha. Kompyuta nazo zimepata nguvu ya kutosha. Tofauti kati ya kompresa ya chuma na nakala yake ya programu imekuwa ndogo sana, na mara nyingi anayeisikia ni yule anayejua ni ipi inayocheza.

Kuna mtego mwingine hapa. Sikio la binadamu hupenda kinachosikika kwa sauti ya juu zaidi, hata kama tofauti ni desibeli moja. Ukipitisha wimbo kwenye mashine na ukatoka juu kidogo, utaapa kwamba umekuwa bora. Ukitaka ukweli, linganisha viwango kwanza, kisha mwombe mtu akubadilishie bila kukuambia ni upi. Mabishano mengi ya analogi na dijitali huisha hapo.

Kisa cha California

Kama unadhani nakejeli, kumbuka yaliyotokea Marekani mwaka wa 2022. Mobile Fidelity, kampuni ya California inayojulikana kama MoFi, ilikuwa imejijengea jina kwa kutoa upya santuri za albamu maarufu. Wateja waliamini kwamba muziki ulitoka kwenye kanda ya asili hadi kwenye santuri bila kugusa kompyuta, na walilipa bei ya juu kwa imani hiyo.

Kampuni ilipotangaza toleo la nakala 40,000 la albamu ya Thriller ya Michael Jackson, watu walianza kupiga hesabu. Kanda ya asili haiwezi kuchezwa mara nyingi kiasi hicho bila kuchakaa. Julai mwaka huo, mwenye duka la santuri mjini Phoenix, Mike Esposito, alitoa video akidai kuna hatua ya dijitali katikati, kisha akaalikwa na kampuni yenyewe, ambako mafundi walikiri mbele ya kamera. Walikuwa wakitumia faili za dijitali za ubora wa juu tangu 2011. Kesi ilifuata mahakamani, na mwaka wa 2023 ikamalizwa kwa makubaliano ya takriban dola milioni 25.

Wateja walikuwa na haki ya kukasirika, kwa sababu waliuziwa kitu kimoja wakapewa kingine. Ila kuna jambo ambalo wengi wao walilimeza kwa shida. Kwa zaidi ya miaka 10, watu wenye vifaa vya mamilioni sebuleni, waliosema dijitali inawaumiza masikio, walizisifu santuri hizo na kuziweka juu kwenye orodha zao. Hawakusikia kitu.

Tusilivute somo hili kupita kiasi. Kisa hicho hakithibitishi kwamba kompresa ya valvu haina kazi, maana kuhifadhi muziki kwa dijitali na kuupaka rangi kwa analogi ni mambo mawili tofauti. Kinachothibitisha ni kwamba muziki ukipita kwenye kompyuta, haupotezi roho yoyote ambayo sikio linaweza kuidaka. Anayekuuzia masteringi kwa hofu ya dijitali anakuuzia hofu.

Vita vya kelele vimebadilika

Sababu nyingine ya kununua mashine ghali ilikuwa kupata wimbo wenye nguvu kuliko wa jirani. Tangu CD iingie sokoni mwaka wa 1982, na hasa kuanzia miaka ya 1990, kampuni za muziki zilishindana kubana nyimbo ili zisikike juu zaidi. Kilele cha lawama kilikuwa 2008, Metallica walipotoa Death Magnetic. Mashabiki walilalamika kwamba imebanwa hadi inakwaruza, na wakagundua kwamba nyimbo hizo hizo kwenye mchezo wa Guitar Hero zilikuwa na pumzi zaidi.

Majukwaa ya mtandaoni yameugeuza ushindani huo. Sasa kelele hupimwa kwa kipimo kinachoitwa LUFS, na jukwaa husawazisha nyimbo zote. Spotify hulenga -14 LUFS, Apple Music -16. Fanya hesabu: ukibana wimbo wako hadi -8, Spotify itaushusha kwa desibeli 6. Umeua mdundo wa ngoma, umekwaruza sauti ya mwimbaji, halafu unachezwa kwa kiwango sawa na wa yule aliyeacha wimbo wake upumue. Umelipia hasara.

Sasa, mtu wa Nairobi ataniuliza: na matatu je? Swali zuri. Kwenye nganya ya Rongai hakuna Spotify inayosawazisha. DJ anacheza faili kutoka kwa flashi, na wimbo ulio chini utafunikwa na uliotangulia. Kwenye klabu ni vivyo hivyo. Ndiyo maana mafundi wengi wa hapa bado hupeleka nyimbo za dansi juu kuliko -14, na hawajakosea. Muhimu ni kujua wimbo unaenda wapi. Hakuna kinachokuzuia kutoa nakala mbili, moja ya majukwaa na moja ya madjeei. Kwa programu, hiyo ni kazi ya dakika chache. Kwa mashine, unaweka kila kitufe upya kwa mkono, ukitegemea maandishi au picha uliyopiga kwa simu ili ukumbuke ulikuwa umefika wapi.

Hesabu ya Nairobi

Tuseme umepata kompresa ya masteringi ya dola 5,000, na kuna nyingi zinazozidi hapo. Kwa kiwango cha Sh129 kwa dola, hiyo ni Sh645,000 kabla ya nauli, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16. Peke yake haitoshi. Unahitaji kifaa bora cha kutoa sauti kwenye kompyuta na kuirudisha, nyaya, na ikwalaiza ya kuandamana nayo. Ikiwa imetengenezewa umeme wa Marekani wa volti 120, usiichomeke kwenye volti 240 za hapa kabla ya kuhakikisha inakubali. Ikiharibika, fundi aliyeizoea huenda yuko ng'ambo.

Halafu kuna stima. Usiku wa Agosti 25, 2023, nchi karibu nzima iliingia gizani, hadi uwanja wa ndege wa JKIA. Mwenye laptopu yenye betri aliendelea na kazi kwa saa kadhaa. Mwenye valvu alikaa kwenye giza na mashine yake.

Upande wa pili, leseni ya kawaida ya Reaper kwa mtu binafsi ni dola 60, chini ya Sh8,000. Zipo programu halali za bure ambazo mafundi wa kulipwa huzitumia: TDR Nova ya ikwalaiza, TDR Kotelnikov ya kompresa, SPAN ya Voxengo ya kuona masafa, na Youlean ya kupima LUFS. Kwa chini ya Sh10,000 una zana ambazo fundi wa 1975 angeuza shamba azipate.

Programu nayo ina matata yake

Kwa hivyo laptopu imeshinda? Si haraka hivyo.

Mashine ukiinunua ni yako. Fairchild ya miaka ya 1950 bado inafanya kazi, na ikiuzwa leo inaleta pesa nyingi kuliko ilivyonunuliwa. Programu uliyoilipia unaweza kuipoteza kwa sasisho moja la kompyuta. Mwezi wa Machi 2023, Waves, moja ya kampuni kubwa za programu za sauti, ilitangaza kuacha kuuza leseni za kudumu na kuwataka watu walipe kila mwezi au mwaka. Watumiaji walichemka mitandaoni, na baada ya siku chache kampuni ikarudisha leseni hizo. Safari hiyo waliponea. Lakini ujumbe ulifika: programu nyingi tumeazimwa tu.

Wengi mtaani hukwepa jambo hilo kwa kutumia programu zilizovunjwa, zile za kupewa kwa flashi. Tusijifanye hatujui. Bei kwa dola inauma. Ila faili hizo huja na virusi mara nyingi, na kazi ya mteja ikipotea usiku wa kuamkia uzinduzi, hakuna wa kumpigia simu. Kwa vile za bure zipo na ni nzuri, sababu ya kuiba imepungua.

Kuhusu akili unde, LANDR ilianza kutoa huduma hiyo mwaka wa 2014, na mwishoni mwa 2023 Apple ikaweka msaidizi wa masteringi ndani ya Logic Pro. Kwa demo, kwa biti ya kumtumia msanii, au kwa wimbo usio na bajeti, zinafaa. Tatizo lake ni kwamba hazikatai kazi. Ukizipa miksi ambayo besi imemeza sauti ya mwimbaji, zitaing'arisha besi hiyo vizuri sana. Fundi wa kweli atakupigia simu akuambie, "Bro, rudi kwenye miksi, maneno ya ubeti wa pili hayasikiki." Simu hiyo ndiyo unayolipia. Haitoki kwenye mashine wala kwenye programu.

Angalia albamu ya kwanza ya Billie Eilish ya 2019. Ilirekodiwa chumbani kwao Los Angeles, kaka yake Finneas akiwa prodyuza, na ikabeba Grammy ya albamu ya mwaka. Watu hupenda kusimulia habari ya chumba. Wanasahau kwamba hata wao waliipeleka kwa mtu mwingine kwa miksi na kwa mwingine tena kwa masteringi. Ukiwa umeusikia wimbo wako mara mia tatu, masikio yako hayauoni tena.

Mahali analogi haina mpinzani

Kuna sehemu moja ambako mashine ya zamani haiwezi kubadilishwa na programu yoyote, nayo inatuhusu sana. Muziki wa Kenya wa miaka ya 1960 hadi 1980 ulirekodiwa kwenye kanda. Nyingi ziko kwenye maktaba za redio, kwenye stoo za studio za zamani, au chini ya kitanda cha mjane wa mwanamuziki fulani. Kanda haifunguki kwenye laptopu. Inahitaji mashine ya kuicheza, vichwa vilivyosafishwa na kupangwa sawasawa, na mtu anayejua kwamba kanda za aina fulani zikianza kunata, hupashwa moto wa chini kwa saa nyingi kabla hazijaguswa. Ikichezwa vibaya, utando wenye sauti unabambuka, na wimbo umekufa.

Ketebul Music, iliyoanzishwa na Tabu Osusa hapa Nairobi, imeonyesha thamani ya kazi ya aina hiyo kwa mradi wake kuhusu historia ya benga. Lakini kanda hazisubiri na mafundi wanazeeka. Kijana anayependa vifaa vya analogi kwa dhati angefanya vyema kumtafuta mzee mmoja aliyefanya kazi redioni na kujifunza kutengeneza mashine ya kanda. Ujuzi huo utakuwa adimu kuliko kompresa yoyote ya kuonyesha Instagram.

Basi pesa ziende wapi?

Kama wewe ni prodyuza, anza na chumba. Besi hurundikana kwenye kona na kukudanganya, na chumba kikikudanganya, mashine ya milioni itarekebisha tatizo ambalo halipo. Mapazia mazito, kabati la nguo na pamba ya kufyonza sauti iliyofungwa kwenye fremu za mbao hufanya kazi kubwa kwa pesa kidogo. Kisha nunua vipokea sauti vizuri na uvizoee kwa kusikiliza nyimbo unazozijua. Jaribu kazi yako kwenye simu, kwenye wufa ya jirani, na kwenye matatu kama una dereva rafiki. Baada ya hapo zana za bure zinakutosha kwa miaka kadhaa.

Kama wewe ni msanii, usimuulize fundi ana mashine gani. Mwombe akufanyie dakika moja ya wimbo wako, kisha akutumie kabla na baada zikiwa kwa kiwango sawa cha sauti. Muulize atakurudishia miksi ikiwa na kasoro au atanyamaza achukue pesa. Akikasirishwa na maswali hayo, umeokoa elfu kumi yako. Akikujibu vizuri na kazi isikike, mlipe, hata kama studio yake yote inaingia kwenye begi la mgongoni.